Ardis Asiyelalamika

Jibu Ardis Tollefsrud alikuwa nalo. Alilifanyia mazoezi mbele ya kioo cha bafuni. Akalifanyia mazoezi jikoni, mumewe Verlyn akijifanya jaji kwa kujitanda blanketi jeusi mabegani. Asubuhi ile tena, garini, theluji ikiwa imerundikana kando ya barabara hadi usawa wa madirisha, alilirudia neno kwa neno mpaka Verlyn akasema hata yeye sasa angeweza kwenda kutoa ushahidi.

Lakini alipopanda kizimbani katika mahakama ya Nordlund, akakaa, akawaona raia sita wa jopo la kuamua kesi wakimtazama, na wakili wake akamuuliza kwa upole, "Bi Ardis, hebu waeleze waheshimiwa hawa, mkono wako wa kulia unaendeleaje?" jibu lile lote lilimponyoka.

"Aa," alisema, "si mbaya sana."

Wakili wake alikuwa Teresa Quintanilla, mwanamke kijana wa Texas mwenye ofisi kule Minneapolis. Alibaki ameshika kalamu hewani.

"Si mbaya sana?"

"Wapo wenye hali ngumu kuliko mimi," Ardis akasema, na papo hapo akatamani sakafu ipasuke immeze.

Hakuwa amesema uongo kwa makusudi. Alikuwa na miaka sitini na minne, na tangu azaliwe hakuwahi kumjibu mtu namna nyingine. Nani angejibu namna nyingine mbele za watu? Katika wale sita wa jopo alimtambua kwa sura yule bwana anayeuza mbegu za soya, na mama mmoja ambaye Ardis aliwahi kumpunguzia sketi. Uwaambie watu kama hao, wenye magoti yao mabovu na madeni yao benki, kwamba wewe ndiye unayeumia? Aliona haya.

Na mkono wenyewe ulikuwa umelala pajani kama kitu cha mtu mwingine.

Ugonjwa ulikuwa umeanza kwa ganzi ya kawaida, ya watu wanaoshona miaka mingi. Daktari Curtis Nygaard, daktari pekee wa upasuaji katika hospitali ya mji, alimwambia ni upasuaji mdogo wa kiganja, atarudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Alirudi kweli. Ila kisu kilikuwa kimekata mshipa wa fahamu unaopita hapo, ule unaokipa kidole gumba na vidole viwili vinavyofuata uwezo wa kuhisi. Hakuna aliyejua. Miezi ikapita. Siku moja Ardis alikuwa jikoni kanisani na wanawake wenzake wakipika lefse, chapati za viazi nyembamba kama kitambaa, za kuuza kabla ya Krismasi. Akasikia harufu ya nyama kuungua. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akataka kuuliza nani kaweka nyama jikoni. Kilikuwa kidole gumba chake mwenyewe, juu ya chuma cha moto.

Daktari wa mikono kutoka mji mwingine ndiye aliyemweleza ukweli. Mshipa ungeshonwa katika wiki za mwanzo, alisema, ungekuwa na nafasi nzuri ya kupona. Sasa ilibaki kuhamisha misuli ili gumba liweze angalau kushika, na kampuni ya bima ya hospitali ilikataa kubeba gharama yoyote.

Hata hapo Ardis asingeshtaki. Kilichomsukuma ni siku alipokutana na Daktari Nygaard dukani, mbele ya rafu ya maziwa. Ardis alimpungia mkono, ule ule. Daktari aligeuza toroli lake akaondoka bila hata kuchukua maziwa. Ardis alirudi garini akamwambia Verlyn, "Sasa nitatafuta wakili."

Naye Verlyn, ambaye kwa siku hutumia maneno machache kuliko redio iliyozimwa, alijibu, "Nilidhani hutasema."

Sasa, mahakamani, zamu ilipofika, Bwana Whitcomb, wakili wa daktari, alisimama bila haraka. Alikuwa mtu mwenye adabu, na hilo lilifanya iwe vigumu zaidi kumchukia.

"Bi Tollefsrud, siku ya kutoa nyuzi, muuguzi alikuuliza unaendeleaje. Ulimjibu nini?"

"Kwamba naendelea vizuri."

"Uliporudi kwa daktari mwenyewe mara ya pili?"

"Nilisema sina la kulalamika."

"Ulikutana naye pia kwenye chakula cha jioni cha kanisa. Akakuuliza habari za mkono. Unakumbuka?"

"Nilimwambia mkono upo."

"Upo?"

"Ndiyo. Si ulikuwepo?"

Watu wakacheka, na hata jaji aliinamisha uso kidogo. Bwana Whitcomb naye akatabasamu, akaacha kicheko kiishe chenyewe.

"Na leo, chini ya kiapo, umeuambia ukumbi huu kwamba mkono si mbaya sana. Basi nisaidie, mama. Mgonjwa anasema anaendelea vizuri. Anasema hana la kulalamika. Anatania. Daktari angejuaje?"

Ardis alifungua mdomo. Akautazama mkono wake, akautazama uso wa bwana wa mbegu za soya, aliyekuwa ameinamia viatu vyake.

"Sina maswali zaidi," Bwana Whitcomb alisema, karibu kwa huruma.

Wakati wa chakula cha mchana walipewa chumba kidogo ghorofa ya chini, chenye meza ya plastiki na kifaa cha kupasha chumba joto kilichokuwa kikigonga kama mtu anayetaka kufunguliwa mlango. LaVonne, rafiki yake Ardis wa tangu shule, alikuwa amefika na chombo cha tambi zilizookwa na nyama ya kusaga, sandwichi, na chupa mbili za kahawa.

"Bi Ardis," Teresa alisema, akijitupa kitini, "umeniua. Tulifanya mazoezi. Ofisini kwangu ulilia. Mimi nililia. Karani wangu alilia!"

"Samahani, mwanangu."

"Usiniombe msamaha mimi! Niambie tu, kwa nini?"

"Unamuuliza bure," Verlyn alisema huku akimkatia mkewe tambi kwa uma. "Nyumba ikishika moto, huyu atasema leo kuna joto kidogo."

"Na wewe utamjibu afungue dirisha," LaVonne alimrukia. "Msikilize huyo! Mwaka jana alianguka kutoka juu ya ghala, akavunjika mbavu tatu, akaingia ndani akaomba kahawa."

"Nilikuwa na kiu."

Teresa hakucheka. Alimpa Ardis sandwichi. Ardis akasema hapana, ahsante, ameshiba. Alimpa tena, Ardis akasema asijisumbue, ale yeye.

"Mpe mara ya tatu," LaVonne alisema. "Jamani, miaka miwili unamtetea na hujajua hata kumlisha?"

Teresa alimpa mara ya tatu. Ardis akaipokea, akaila kwa njaa ya mtu ambaye hakula tangu jana.

Wakili alimtazama akitafuna. "Basi nieleweshe," alimgeukia LaVonne. "Watu wenu mkiulizana hali, mnadanganyana?"

"Nani kadanganya?" LaVonne aliudhika kweli. "Mtu akikuuliza unaendeleaje, ukimwagia maumivu yako, umemtwisha mzigo na yeye ana wake nyumbani. Kwa hiyo unamwambia kidogo. Mengine anaelewa mwenyewe."

"Baba yangu," Verlyn alisema ghafla, na wote wakamgeukia kwa kuwa haikuwa kawaida yake kuanza hadithi, "alikatwa mguu na mashine ya kuvunia mahindi. Jirani akaja na trekta lake, akamuuliza vipi. Baba akasema, 'Leo sidhani kama nitamaliza shamba.'"

"Na jirani akaelewa nini?"

"Akaelewa nini vipi? Alikimbia kama kichaa kwenda kuita gari la wagonjwa."

Teresa aliweka kikombe chini. "Kwa hiyo mtu yeyote wa hapa angeelewa."

"Mtoto wa chekechea angeelewa," LaVonne alisema.

"Daktari Nygaard ni mtu wa wapi?"

Hapo ndipo Ardis alipoacha kutafuna. Kifaa cha joto kiligonga, kikatulia.

"Shamba la kwao lipo nyuma ya kanisa letu," alisema polepole. "Mama yake ndiye aliyenifundisha kusukuma lefse. Curtis alikuwa akikaa chini ya meza akila unga." Akamshika wakili mkono kwa mkono wake wa kushoto. "Usimwaibishe, mwanangu. Si mtu mbaya. Ni daktari pekee tuliye naye. Watu wamekwisha kuniambia, ukimshtaki atahama, na siku ya ajali tutapelekwa wapi?"

"Nitamuuliza swali moja," Teresa alisema. "La kujibu ataamua mwenyewe."

Saa nane Daktari Curtis Nygaard aliitwa kizimbani na upande wa mdai, jambo ambalo sheria ya pale inaruhusu. Alikuwa mrefu, nywele zimeanza mvi, na mikono mizuri sana aliyoiweka magotini kama vitu vinavyoweza kuvunjika. Tangu kesi ianze hakuwa amemwangalia Ardis hata mara moja. Mawakili wa bima walimwambia asimwangalie, asimsalimie, asimtumie hata kadi. Ardis hakujua hilo.

Teresa alimpitisha haraka katika mambo ya upasuaji. Kisha akasogea karibu.

"Daktari, ulizaliwa wapi?"

"Pingamizi," Bwana Whitcomb alisema. "Hilo linahusiana vipi?"

Jaji alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa mnyororo. "Mimi pia nilizaliwa hapa," alisema, "na ningependa kusikia. Jibu, Daktari."

"Hapa hapa. Nje kidogo ya Nordlund."

"Basi nieleze mimi mgeni. Mtu wa wilaya hii akikwambia 'si mbaya sana,' au 'sina la kulalamika,' wewe unaelewa nini?"

Daktari alikohoa. "Kama tabibu, huwa naandika kile anachosema mgonjwa."

"Sikukuuliza tabibu anaandika nini. Nakuuliza wewe, mtoto wa hapa, unaelewa nini."

Bwana Whitcomb aliinuka nusu, akamwona jaji, akakaa. Daktari Nygaard aliitazama mikono yake. Ardis aliona shingo yake ikiwa nyekundu, kama ilivyokuwa inafanya alipokuwa mtoto akikamatwa na unga mdomoni, na akamwonea huruma kuliko alivyoijali kesi. Alitaka kuinuka aseme, basi, mwacheni. Verlyn akamwekea kiganja begani.

"Mama yangu alikufa kwa saratani ya tumbo," daktari alisema. "Nilimkuta hawezi kuinuka kitandani. Nikamuuliza. Akaniambia amejipumzisha kidogo. Naelewa kwamba inauma. Mtu wa hapa akisema si mbaya sana, naelewa kwamba inauma kuliko anavyoweza kusema."

"Na Bi Ardis alipokwambia hivyo?"

Ndipo alipoinua uso akamwangalia Ardis, waziwazi, mbele ya kila mtu.

"Nilisikia. Palikuwa na wagonjwa wengine nje, na mimi nilitaka iwe kweli kwamba anaendelea vizuri. Nikaandika anaendelea vizuri. Nilipaswa kuchukua sindano nimguse ncha za vidole, huku amefumba macho. Ni kazi ya muda mfupi sana. Sikuifanya."

"Kama ungeifanya?"

"Ningejua nimeukata mshipa. Ungeshonwa mapema."

Nje gari la kusukuma theluji lilipita likikwaruza barabara. Bwana Whitcomb alifunga jalada lake taratibu, na alipoulizwa kama ana maswali alisema, kwa sasa, hapana.

Teresa aliomba ruhusa kumrudisha Ardis kizimbani. Jaji akakubali.

Safari hii Ardis alipanda bila jibu lolote kichwani. Yale ya bafuni yalikuwa yamekwenda na hakuyatafuta. Jambo la ajabu ni kwamba hakuwa na haya. Curtis alikuwa amesema lake mbele ya watu wote, la mama yake, na paa halikuwaangukia. Jopo walikuwa bado wamekaa. Bwana wa mbegu za soya alikuwa akijipangusa pua.

"Bi Ardis," Teresa alisema, "nitakuuliza tena."

"Unauma," Ardis alisema.

Sauti ilitoka ndogo. Jaji akamwomba arudie ili mwandishi wa mahakama asikie.

"Nimesema unauma. Vidole hivi vitatu havihisi kitu, lakini kiganja kinauma kama kimebanwa na mlango. Usiku nalala nikiwa nimeuning'iniza nje ya kitanda. Kufunga kifungo siwezi. Sindano ya kushonea naishika ikianguka sijui, naitafuta sakafuni nikidhani ipo kidoleni. Verlyn ananikatia nyama. Nina mjukuu, anaitwa Britta, amezaliwa majira ya joto. Watu wanasema ana masikio laini sana. Nikitaka kuyagusa inabidi nibadilishe mkono. Nabadilisha, lakini inaudhi. Mkono wa kulia ndio unaotangulia wenyewe kila mara. Unafika, na hakuna kitu pale."

Yule mama wa sketi alikuwa amefunika mdomo.

"Sikumshtaki ili ahame," Ardis aliendelea, sasa akiwaambia jopo moja kwa moja kama wanawake wanavyoongea jikoni. "Nataka gumba langu litengenezwe. Na nilitaka ijulikane kwamba nilimwambia. Nilimwambia kwa namna tunavyoambiana hapa. Ni hayo tu."

Bwana Whitcomb alisema hana swali.

Jopo halikukaa faraghani muda mrefu. Walirudi kabla kahawa ya LaVonne haijapoa, wakatangaza kwamba daktari alifanya uzembe, kwa kutokagua na kwa kutouliza, na kwamba Ardis hakuwa na lawama. Fidia ingelipwa na bima, ikitosha matibabu ya mkono na kazi aliyoikosa, na akiba kidogo juu yake. Teresa alimkumbatia Ardis kwa nguvu za kwao Texas mpaka miguu ya mama wa watu ikakaribia kuacha sakafu. Verlyn alimpa wakili mkono, akautikisa mara moja, akasema, "Imekwenda sawa," na LaVonne akamnong'oneza Teresa kwamba kwa Verlyn hiyo ni hotuba.

Walikuwa wakivaa makoti kwenye ukumbi wa nje, Verlyn akimfungia mkewe vifungo, Daktari Nygaard alipotoka. Wakili wake alimshika mkono wa koti akimwambia kitu sikioni. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akajitoa. Alivuka ukumbi akasimama mbele ya Ardis kama mtoto aliyetumwa kuomba chumvi kwa jirani.

"Bi Ardis."

"Curtis."

"Siku ile dukani," alisema. "Maziwa."

"Nakumbuka."

"Waliniambia nisiongee na wewe. Ningeweza kuongea. Samahani. Kwa hilo, na kwa mkono." Alimeza mate. "Naomba niuone."

Ardis alimtazama Verlyn. Verlyn akafungua tena kile kifungo cha koti alichokuwa amekihangaikia. Ardis akanyoosha mkono, na daktari akaupokea kwa viganja vyake viwili, akausogeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Fumba macho. Hapa?"

"Hapana."

"Hapa?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Hapo nahisi una mikono ya baridi kama ya samaki."

LaVonne aliangua kicheko, na Curtis Nygaard naye akacheka, macho yakiwa yamelowa. Ardis alifumbua macho. Alishangaa jinsi alivyokuwa mtulivu, jinsi kifua chake kilivyokuwa chepesi, kana kwamba ameingia ndani akitoka kwenye upepo.

"Na usiku ndipo unaponiamsha," alisema. "Kuna aina mbili za maumivu, Curtis. Moja ni ya baridi. Nyingine sijui niiiteje."

"Niambie inavyokuja," daktari alisema. "Anza mwanzo."

Akaanza mwanzo. Hakuharakisha, na daktari hakutazama saa. Verlyn aliona itachukua muda, akavua kofia, akatafuta benchi akakaa.